Filamu za Oktoba kwa Sauti ya Baba

Baba alishika rimoti kwa mikono miwili, kama mtu aliyemkamata kuku na anaogopa asimponyoke, akapunguza sauti ya televisheni mpaka yule dada wa Kizungu aliyekuwa akipiga mayowe ngazini akabaki anaachama tu. Akakohoa kidogo. Akauweka mto vizuri mgongoni, kisha akaanza kusema kwa niaba yake.

"Jamani, huyu dada anasema hivi: mimi kwenye nyumba hii sirudi tena, hata mkinipa na hati ya kiwanja."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa nane na robo mchana, na mama yangu alikuwa amekufa tangu jana. Baba alikuwa hajaambiwa. Nilikaa kando yake kwenye kochi letu la Langley Park, Marekani, nikicheka mahali pa kucheka, na kila nilipocheka nilihisi kama ninatafuna mchanga.

Kazi ya kutafsiri filamu Baba aliianza Kasulu, kabla sijazaliwa. Kulikuwa na banda la video karibu na soko, la mabati matupu, lenye mabenchi yaliyochakaa na jenereta iliyokohoa kuliko wagonjwa wa kifua. Mwenye banda alikuwa na kanda nyingi za Kizungu na wateja wengi wasiojua Kizungu, na Baba, wakati huo kijana mwenye sauti nene, akapewa kipaza sauti. Kiingereza chake chote kingeenea kwenye kiganja. Hakukihitaji. Aliwatazama watu wa kwenye kioo, akaamua wanasema nini, akasema. Nilipokuwa mdogo aliniambia siri ya kazi ile: mdomo hudanganya, macho huchelewa, ila mabega hayajawahi kujifunza uongo. Ukitaka kujua mtu ana nini moyoni, mtazame mabega.

Tulipohamia Marekani nilikuwa na miaka minane. Baba alipata kazi ya kusafisha ofisi kule Greenbelt, na sauti yake ikakosa pa kwenda. Alisukuma ndoo yake katika korido ndefu ambamo watu walimpungia mkono bila kumsemesha, akarudi nyumbani na maneno yote aliyoondoka nayo. Ndipo ikaja Oktoba yetu ya kwanza. Majirani wakatundika mifupa ya plastiki kwenye vibaraza, maboga yakachongwa macho, na televisheni, kwa ajili ya hiyo Halloween yao, ikaanza kuonyesha filamu za kutisha tangu asubuhi. Baba alitazama kwa dakika kumi. Kisha akazima sauti. Tangu siku hiyo Oktoba ikawa mwezi wake, kama watu wengine walivyo na Kwaresima.

Tulikuwa na filamu tulizozipenda kuliko nyingine, na kwa kuwa hakuna aliyejali majina yake ya Kiingereza, tulizipa ya kwetu. Kulikuwa na Kibibi wa Darini, aliyeshuka kimyakimya kuonja mboga za watu. Kulikuwa na Harusi ya Wasiokuwepo, ambayo Baba aliitafsiri kwa sauti saba tofauti, mojawapo ya mbwa. Daktari Asiyelala ilinifanya nilale na taa mpaka Krismasi. Na juu ya zote kulikuwa na Bwana Posta: mtu mrefu mwenye baiskeli na mkoba wa ngozi, anayepita nyumba kwa nyumba katika kijiji chenye ukungu, na kila nyumba anayoacha barua, kesho yake linatoka jeneza.

Mama alisema zote ni kazi za shetani. Zikianza, alijitupia kanga begani, akafanya ishara ya msalaba na kuingia jikoni. Lakini mlango wa jikoni hakuufunga hata siku moja, na mara kwa mara sauti yake ilitoka huko.

"Baba Edna, juzi ulisema huyo ni shemeji yake. Leo amekuwa baba mkwe?"

Baba alijibu kwamba watu hupanda vyeo. Kisha kicheko cha Mama kilisikika juu ya mlio wa mafuta kikaangoni, na Baba, ambaye alijifanya hakisikii, aliongeza chumvi kwenye sehemu iliyofuata.

Nilipokuwa chuo, Oktoba moja nilimtazama Bwana Posta peke yangu bwenini, sauti ikiwa imefunguliwa. Nilikuwa sijawahi kumsikia. Kwa Kiingereza alikuwa muuaji, tena muuaji anayefurahia kazi yake, na maneno yake yalikuwa machafu kama maji ya mtaro. Kinywani mwa Baba alikuwa mtumishi aliyepangiwa zamu mbaya. Alisimama getini muda mrefu kabla ya kubisha, akitafuta namna ya kuanza. Nilizima kompyuta nikiwa na hasira, ingawa sikujua nimemkasirikia nani. Sikumwambia Baba nilichogundua. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Walimu waliliandika hilo kwenye ripoti zangu zote, na nyumbani Mama alizoea kunisemea hata kwa daktari.

Mjomba Tito, kaka yake Mama, alinipigia Ijumaa asubuhi nikiwa kazini, kwenye maktaba, nikirudisha vitabu rafuni. Mama alikuwa Kasulu tangu Agosti, akimuuguza bibi. Mjomba alisema kwamba mchana ule Mama alitoka uani na ungo wa mihogo ya kuanika, akaketi chini ghafla kama mtu aliyechoka, na hakuinuka. Alisema hivyo, nami nikabaki nimesimama katikati ya rafu mbili, mkononi nikiwa na kitabu cha bustani.

"Edna, mwanangu," akasema. "Wewe nimekwambia kwa sababu lazima awepo mtu wa kuzuia simu. Baba yako asisikie mpaka wazee wafike."

Kwetu habari ya kifo haiingii ndani kwa simu. Inaletwa na watu, kwa miguu yao, wamevaa vizuri, nao huketi kwanza na kuulizana hali. Huku ugenini desturi hii imeshikwa kwa nguvu zaidi kuliko nyumbani, labda kwa sababu ni moja ya chache tulizoweza kupita nazo uwanja wa ndege. Mjomba alimpigia Mzee Kalisti, mwenyekiti wa umoja wa watu wa Kigoma wa eneo letu, na Mzee Kalisti akapanga Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa kabla ya hapo watu wangekuwa kwenye zamu zao. Huku hata msiba husubiri ratiba. Wajumbe wasipungue watano, ndiyo sheria yao, ili anayeambiwa akianguka wapo wa kumwinua.

Baba aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Kabla ya kupasuliwa moyo, miaka miwili iliyopita, alikuwa hakosi katika hao watano. Kalisti alikuwa na cheo, lakini Baba ndiye aliyekuwa na maneno. Walimpitia kwa gari, akavaa koti lake la kijivu, akaenda Oxon Hill, Silver Spring, hata ng'ambo ya mto, kule Virginia, akaketi mbele ya watu waliokuwa bado wanacheka na kuwaambia. Akirudi hakula. Mama alimwekea maji ya moto ya kuoga bila kumuuliza lolote.

Shangazi Rosemary, ambaye si shangazi yangu wa damu lakini ndiye anayesimamia akina mama wa umoja, alinipigia mchana wa Ijumaa ileile kunipa maagizo. Niiondoe simu ya Baba. Ninunue vitu vya chai, maana wageni wangeanza kumiminika Jumamosi usiku, Baba akishaambiwa. Na nisilie.

"Ukilia mbele yake, mama, umemwambia," alisema. "Jikaze. Utalia Jumamosi."

Basi nikajikaza. Nilinunua maziwa, majani ya chai, vikombe vya karatasi na mfuko mkubwa wa sukari, nikavificha chini ya kitanda changu. Simu ya Baba niliichukua Jumamosi asubuhi alipokuwa bafuni, na alipoiulizia nikamwambia niliiangusha, kioo kikapasuka, nimeipeleka kwa fundi karibu na kituo cha basi. Ulikuwa uongo wangu mkubwa wa kwanza kwake. Aliupokea bila kuupima, kama alivyopokea vidonge vyake kutoka mkononi mwangu.

Ubaya ni kwamba Mama alipiga kila Jumamosi saa nane. Kule Kasulu ilikuwa saa tatu usiku, bibi ameshalala, na Mama alijilaza na simu sikioni huku Baba akimsimulia filamu. Yeye aliyekuwa akikimbilia jikoni sasa alitaka aanziwe mwanzo. Wiki iliyotangulia walikuwa katikati ya Harusi ya Wasiokuwepo, na vocha ya Mama ikaisha kabla bibi harusi hajafunuliwa.

Saa nane ilipofika Baba alitazama saa ya ukutani, akasema basi Mama atapiga kwenye simu yangu. Nikasema simu yangu haina chaji. Ilikuwa mezani mbele yetu, imefunikwa uso. Baba aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Tutamsimulia mbili kwa mpigo wiki ijayo."

Akapunguza sauti ya televisheni, na ndivyo yule dada wa ngazini alivyoanza kusema habari za hati ya kiwanja.

Filamu ile iliisha saa kumi kasorobo. Nilimpa Baba uji wake usio na sukari, kwa maana ana kisukari na mezani kwetu sukari haijakanyaga tangu alipopasuliwa. Nje, mashine za wajenzi wa reli mpya ya mtaani kwetu zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya wikendi, na watoto wa jengo letu walishaanza kukusanyika kwenye maegesho. Majirani wa ghorofa ya juu, watu wa El Salvador, walikuwa wamewaandalia sherehe ya Halloween mapema, kabla ya siku yenyewe. Nilisikia wakicheka. Nilijiuliza kama ningeweza kwenda bafuni, kufungulia maji yakimbie na kulia dakika mbili tu. Lakini niliogopa kwamba nikianza sitaweza kuacha, na Baba angebisha mlango, na mimi ningefungua.

Saa kumi ikaanza Bwana Posta.

Nilimwomba tubadilishe. Nilisema tumeshamwona mara nyingi, kwamba kuna nyingine mpya. Baba alisema mtu hachoki kumwona jirani yake, akazima sauti.

Alitafsiri vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alimfanya mwenyekiti wa kijiji kigugumizi. Alimpa mwuza maziwa lafudhi nzito ya Kiha cha kwetu mpaka nikacheka kweli, na kicheko kile cha kweli kilitaka kunitoka kama kitu kingine, nikakimeza. Bwana Posta mwenyewe alimpa sauti ya chini, ya mtu aliyetembea mbali. "Naomba radhi, mama. Mimi sikuiandika. Nimepewa niilete." Kila nyumba Baba alimbadilishia maneno kidogo, kama mtu anayejaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Nami, mikono nikiwa nimeibana katikati ya magoti, nilihesabu matangazo ya biashara ili nijue muda umekwenda kiasi gani.

Daktari alikuwa amemwagiza asimame kila baada ya saa moja. Ilipopita saa kumi na moja na nusu akasimama, akanyoosha mgongo, akajongea dirishani. Aliegemea fremu akitazama chini kwenye maegesho. Kwenye kioo Bwana Posta alikuwa anakokota baiskeli kuelekea nyumba ya mwisho, ya mzee anayeishi peke yake, na Baba hakusema kitu. Nilidhani amevutiwa na watoto. Nikainuka, nikasimama nyuma yake.

Watoto walikuwa wengi, kumi na tano au zaidi, wamevaa mashuka meupe na suti za mifupa, wanazunguka magari wakifukuzana. Katikati yao, kando ya gari jeusi, alisimama Mzee Kalisti. Alikuwa amevaa suti na tai. Kila mtu wa umoja anajua kwamba Jumamosi Mzee Kalisti yuko hotelini kule National Harbor kwenye zamu ya mchana, zamu ambayo hajawahi kuiachia hata kwa ubatizo wa mjukuu wake. Pembeni yake Shangazi Rosemary alikumbatia chupa kubwa ya chai. Walikuwepo wanaume wengine wawili, vichwa chini. Mzimu mdogo uligonga mguu wa Mzee Kalisti, akaupapasa kichwani bila kuutazama. Hawakuwa wanapanda. Walikuwa wanne, wanamsubiri wa tano.

Baba alirudi kwenye kochi, akaketi taratibu kwa kushika mkono wa kiti. Mimi nilibaki nimesimama.

"Wamesema saa ngapi?" akauliza.

Ningeweza kumuuliza ni akina nani. Nilifungua kinywa ili niulize hivyo.

"Saa kumi na mbili," nikasema.

Akatazama saa ya ukutani. "Basi tuna dakika ishirini na mbili. Kaa."

Nilikaa. Nikaanza kusema neno, sijui neno gani, naye akainua kiganja.

"Usiseme. Kaa tu." Aliitazama televisheni alipokuwa akizungumza, kama anavyofanya siku zote, macho kwenye picha na maneno mahali pengine. "Jana uliingia na mfuko wa sukari, Edna. Nyumba hii ina watu wawili, na mmoja sukari ni sumu kwake. Halafu ikavunjika simu, nayo si yako, ni yangu. Mimi Jumamosi hunipigia nani? Na tangu jana unakaa kama mtu aliyejitwika ndoo imejaa, anaogopa isimwagike."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu. Ni hivi, mama. Mpaka Kalisti afungue kinywa chake, mama yako bado yuko uani kwa bibi yako, anaanika mihogo. Nilikuwa nataka siku moja ya namna hiyo. Nimeipata. Nakushukuru umenibebea."

Hakuwa ameambiwa habari za ungo. Hakuna aliyemwambia. Niliweka mkono mdomoni nikaubana kwa nguvu, na yeye akaushika, akautoa, akauweka kwenye goti lake.

"Sasa lia," akasema. "Lia sasa hivi, kabla hawajapanda. Wakishaingia watakupa birika. Nimekwenda kwenye nyumba nyingi kwa kazi hii, nimewaona mabinti. Mama yao amekufa na wao wanagawa vikombe. Nani hajapata chai, nani anataka maji, viti vya wageni vitatoka wapi. Siku saba zinapita, binti hajapata hata kona. Mimi nilikuwa naona, na nilikunywa hizo chai. Lia, mwanangu."

Sikuwahi kujua kwamba kulia kunaweza kuwa na ruhusa. Kulikuja kwanza kama kikohozi, kukakwama, kisha kukanishinda. Nilimlalia mapajani kama nilivyokuwa nikifanya wakati wa Daktari Asiyelala, nikalia mpaka suruali yake ikalowa, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nililia kwa ajili ya rafu zile mbili na kitabu cha bustani. Nililia kwa ajili ya bibi harusi ambaye Mama hakumwona akifunuliwa. Mkono wa Baba ulikuwa kichwani mwangu, mzito, haupapasi wala haubembelezi, umetulia tu hapo.

Baada ya muda nikamsikia anatafsiri. Alikuwa ameanza tena, kwa sauti ya chini sana, si ya bandani wala ya kumchekesha mtu jikoni.

"Bwana Posta amefika kwa mzee. Amesimama getini. Anasema, samahani baba, nimechelewa, njia ilikuwa mbaya. Mzee anatoka. Anamtazama. Anasema..."

Akakoma. Nilingoja. Kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kukosa neno la kumtia Mzungu yeyote kinywani. Niliinua uso nikatazama. Kwenye kioo yule mzee alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yake miwili, mdomo wake unatikisika.

"Wewe unajua Kiingereza," Baba akasema. "Kwa kweli anasema nini hapo?"

Hakuwahi kuniuliza. Nilidhani hakutaka kujua kwamba kuna kitu cha kujua. Nilikumbuka ile hasira ya bwenini, nikaitafuta nisiione. Ningeweza kumpa maneno mazuri, kama yeye alivyonipa mimi kwa miaka yote. Lakini nilikuwa nimesema uongo siku mbili na kinywa changu kilikuwa kimechoka.

"Anamwomba asiingie," nikasema. "Anasema, nakusihi, rudi ulikotoka."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ana haki," akasema.

Hapo ndipo machozi yake yalipomtoka. Yalikuwa machache. Aliyaacha yashuke, hakuyafuta mpaka yalipofika kidevuni, kisha akayafuta kwa ncha ya kanga ya Mama iliyokuwa imetandikwa kwenye mgongo wa kochi. Tulikaa hivyo. Sikuhesabu tena matangazo.

Ilipobaki kama dakika tano akaniambia nikanawe uso kwa maji ya baridi, na nimletee koti lake la kijivu. Nilimuuliza kwa nini nijifiche tena, kama mambo yameshajulikana. Alisema Kalisti amelala na maneno yake tangu jana, ameyageuza huku na huku, na ameiacha zamu yake kwa ajili yake. "Tukimnyang'anya mlangoni, atayapeleka wapi?" akasema. "Kuambiwa nako ni kazi. Wengi nimewaona wakiifanya vibaya."

Nikanawa. Nilimvalisha koti, likampwaya mabegani; alikuwa amepungua tangu alipolivaa mara ya mwisho. Akafunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja. Ngazi zikaanza kulia chini ya miguu ya watu wanaojitahidi kutembea kimya.

Hodi ilipigwa mara tatu.

"Karibuni, karibuni ndani," Baba akaitika, na sauti yake ilikuwa imejaa, kama ya mtu aliyeshtukizwa na wageni wema. "Kalisti, ndugu yangu. Mbona mmependeza hivi? Mmekuja kuposa? Binti ninaye mmoja tu, na hasemi."

Mzee Kalisti alijaribu kucheka. Wakaingia mmoja mmoja, wakavua viatu, wakapeana mikono na Baba kwa heshima kubwa mno. Wa tano alikuwa mhudumu wa kanisa, kijana Mkongo aliyefika mbio, bado anahema. Shangazi Rosemary alinitazama usoni, kisha akatazama pembeni haraka. Wakaketi. Wakaulizana hali. Mzee Kalisti aliulizia moyo wa Baba, akaulizia dawa, akasema baridi ya mwaka huu inawahi. Baba alijibu kila swali kwa ukamilifu, bila haraka, akiwa ameinamisha kichwa kidogo upande wake ili kumrahisishia.

Kisha Mzee Kalisti akashika magoti yake. Akasema sisi ni wasafiri. Akasema mwenye safari ni Mungu, na kila mmoja ana kituo chake. Akasema mzee wetu Boniface, wewe ulitufundisha sisi namna ya kuyabeba mambo haya, na leo... Sauti ikamkatika. Akaanza upya kutoka kwa wasafiri, ikamkatika mahali palepale. Akabaki anautazama mkeka.

Baba akanyoosha mkono, akauweka juu ya mkono wa Kalisti.

"Polepole, ndugu yangu," akasema. "Umetoka mbali. Nakusikiliza."

Shangazi Rosemary alikuwa ameinuka. Aliniinamia, akaninong'oneza kwamba watu wengine wako njiani, niwahi kuweka maji jikoni. Miguu yangu ilisikia kabla yangu. Tayari visigino vilikuwa vimejikusanya chini ya kochi, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sijawahi kumkatalia mtu mzima aliyesimama mbele yangu.

"Shangazi, mimi nakaa hapa," nikasema.

Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, na hakuna aliyenisemea. Shangazi Rosemary akaenda mwenyewe. Nikasikia bomba likifunguliwa, maji yakianguka ndani ya sufuria. Nikasogea karibu zaidi na Baba, mpaka hapakubaki nafasi kati yetu, na Mzee Kalisti akavuta pumzi ndefu, akaanza kulitamka jina la mama yangu.